Kima moja, mikate minne: sandwichi ipi ya moto inafaa usiku wa siku ya kazi?

Ukimuuliza mtu sandwichi ya moto ya kushibisha anaipikaje, atakutajia cha ndani: nyama, mayai, kuku, chizi. Mimi nalisha watu sita kila usiku, na siku nyingi naingia jikoni kabla hata sijavua ushungi niliotoka nao kazini. Nimefika mahali naona cha ndani si kazi. Cha ndani unakipika Jumapili, unakihifadhi, kinakungoja. Kinachoamua kama watoto watakula saa mbili au watasinzia wakisubiri hadi saa tatu na nusu ni mkate.

Kwa hiyo nalinganisha mikate minne kwa kima ile ile moja: slesi kwenye mashine ya umeme, chapati ya kuviringisha na yai kama rolex ya Uganda, boflo, ule mkate mrefu wa ganda gumu, ya kupasha ndani ya sufuria, na mkate wa nyama wa kwetu Unguja, ule ambao wageni wa soko la chakula la usiku la Forodhani wanaujua kwa jina la Zanzibar pizza. Yote minne nimeipika hapa Dar es Salaam, kwenye jiko la gesi la plati mbili, katikati ya wiki, na watoto wakiuliza kila baada ya dakika mbili kama bado.

Kama huna muda wa kusoma yote: mkiwa wawili au watatu, chukua slesi. Mkiwa watano kwenda juu, chukua boflo bila kufikiri mara mbili. Chapati ni nzuri kuliko zote kwa tumbo, lakini kwa sharti moja, ziwe zimeshapikwa. Mkate wa nyama ni mtamu kuliko yote na haufai Jumanne.

Kima iwe kavu

Naanza na kima kwa sababu ikikosewa hapa hakuna mkate utakaoiokoa. Iko kima ya mchuzi, yenye nyanya na rojo, tamu mno kwa wali au tambi. Hiyo usiitie kwenye mkate. Dakika kumi hazipiti, upande wa chini umeshalowa na mtoto anakula sandwichi kwa kijiko. Inayotakiwa ni kima ya sambusa: kavu, chembe zinaachana, ukiisogeza pembeni haiachi alama ya maji sufuriani.

Jumapili asubuhi nakwenda bucha, nachagua steki kilo moja na kumwomba kaka wa bucha aisage mbele yangu. Nyama ikishasagwa huharibika upesi kuliko kipande kizima, kwa kuwa vijidudu vilivyokuwa juu juu vinachanganywa hadi ndani. Ndiyo maana siigusi ile iliyokwisha kusagwa na kukaa kwenye sinia tangu alfajiri, na ndiyo maana kima lazima iive hadi isibaki chembe yenye wekundu.

Naitia sufuriani bila mafuta, pamoja na tangawizi na kitunguu thomu vilivyotwangwa, chumvi, pilipili manga na ndimu moja. Inatoa maji yake yenyewe. Naiacha iive ndani ya maji hayo huku naivunjavunja kwa mwiko isifanye madonge. Baada ya muda mlio unabadilika: ule mlio mzito wa kuchemka unakuwa mwembamba, wa kukaanga. Hapo maji yamekwisha na nyama imeanza kukaangika kwa mafuta yake. Natia uzile, ambao bara wanauita binzari nyembamba, kijiko kimoja cha chai kilichojaa, halafu karoti mbili zilizokwaruzwa na viazi vinne vilivyochemshwa na kukatwa vidogo vidogo. Viazi vinaiongeza nyama bila kuifanya ionekane ya kubahatisha, na kilo moja hiyo inatulisha sita usiku mbili.

Vitunguu maji na kotmiri sivitii Jumapili. Kitunguu kibichi kikilala ndani ya kima kinatoa maji, na kazi yote ya kuikausha inapotea. Navikata usiku wa kula, navichanganya kima ikiwa ya moto, na joto lile linatosha kuvilainisha.

Ikishapoa naigawa mifuko miwili na kuilaza bapa. Mmoja unakaa kwenye friji, nautumia kabla ya Jumatano kuisha. Wa pili unakwenda kwenye friza. Kwa kuwa ni bapa, unayeyuka upesi na hauhitaji kutolewa tangu asubuhi. Usiiache mezani hadi ulale. Kwa joto la Dar, saa mbili nje ya friji ni nyingi kwa nyama iliyopikwa, na ukiipasha ipashe kweli, mvuke utoke hadi katikati.

Slesi: upesi wa mtu mmoja

Mashine ya sandwichi imeingia nyumba nyingi, na kusema haki ina raha yake. Unapaka slesi siagi upande wa nje, unatia vijiko viwili vya kima, unafunika, unafunga. Taa ikibadilika, umepata pembetatu mbili zilizobanwa kingo, rangi ya dhahabu, ndani pamoto. Mtoto wa darasa la tano anaweza kujitengenezea mwenyewe. Umeme nao hauli sana: mashine ya kawaida ya nyumbani huvuta wati 700 hadi 800, kwa hiyo hata ikiwaka nusu saa nzima haifiki nusu ya uniti.

Tatizo ni hesabu. Mashine inachukua slesi nne, yaani sandwichi mbili. Sandwichi moja haimshibishi mtu mzima. Kwetu tunakula mbili mbili, isipokuwa mkwe wangu na kitinda mimba, ambao moja moja inawatosha. Hizo ni kumi. Kumi kwa mbili mbili ni raundi tano, kila raundi dakika tano, weka na dakika za kuipasha mashine mwanzo. Nusu saa imekwisha, na umeisimamia yote kwa miguu. Ubaya zaidi, wa kwanza ameshamaliza na anaomba ya tatu wakati wa mwisho hajapata hata moja. Nyumbani kwangu anayekula mwisho ni mimi, peke yangu, nikiwa na kitambaa mkononi nafuta chizi iliyomwagika kwenye bawaba za mashine.

Ndiyo maana nasema slesi ni upesi wa mtu mmoja. Mke na mume, au mama na mtoto wake, hawana sababu ya kutafuta kingine. Raundi mbili, wameshiba.

Na lazima uwe na mpango wa siku umeme unapokatika. Mara moja ulikatika raundi ya pili ikiwa ndani. Nilipofungua, mkate ulikuwa mweupe juu, umelowa siagi, na katikati pa baridi. Nilizimalizia kwenye kikaango juu ya gesi, nikaweka juu yake sufuria ndogo yenye maji iwe kama jiwe la kubana. Ziliiva vizuri, dakika tatu upande mmoja na mbili upande wa pili, ila kingo hazikushikana kama za mashine. Kama huna mashine, basi usijione umepungukiwa. Kikaango kipana na sufuria nzito vinafanya kazi ile ile.

Slesi haifai kubebwa kesho yake. Ikipoa inatoa jasho ndani ya kontena la mtoto, na mchana ni kitu laini kisicho na jina.

Chapati: nzuri kwa sharti moja

Rolex inajulikana kuwa ya Uganda. Wanaoipenda watakutajia Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, ambako wanafunzi wameila miaka na miaka, na inasemekana jina lenyewe limezaliwa kutokana na namna watu walivyotamka maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyoviringishwa. Ni chakula cha mtu mwenye haraka. Unasimama, yai linapigwa na kitunguu, nyanya na kabichi, linamwagwa kwenye chuma, chapati inawekwa juu, inageuzwa, inaviringishwa. Dakika tatu, nne, unaondoka.

Lakini mtazame mpishi yule vizuri kabla hujamuiga. Pembeni yake pana mrundo wa chapati zilizokwisha kupikwa. Dakika tatu unazoziona wewe ni za mwisho. Zilizotangulia amezitumia kukanda, kupumzisha, kukata madonge, kusukuma na kuchoma. Ukianza na unga saa moja jioni, huli rolex kabla ya saa mbili na nusu, na utakula umechoka.

Zikiwepo chapati, hakuna mkate unaoishinda kwa tumbo. Yai linaongeza shibe, chapati yenyewe ni nzito, na ikiviringishwa na kima katikati, moja inamtosha mtu mzima. Baba watoto peke yake ndiye anayekula mbili. Hivyo ni chapati saba na mayai saba. Natumia vikaango viwili, plati zote mbili zinawaka, na dakika kumi na mbili zinatosha kumaliza zote.

Siri iko kwenye yai. Limwage, litandaze lienee upana wa chapati, halafu weka chapati juu likiwa bado bichi upande wa juu. Ukingoja liive kwanza, halitashika. Utapata chapati yako na kiwanda, yaani yai la kukaanga, kinachoteleza upande mwingine. Likishika, geuza, acha chapati ipate moto kidogo, tandaza kima upande wa yai katika mstari mmoja karibu na ukingo, weka kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, kisha viringisha kuanzia kwenye kima. Usiijaze. Vijiko vitatu vya kima vinatosha, ukizidisha chapati inapasuka mgongoni.

Chapati za Jumapili zinakaa siku tatu kwenye friji, zimefungwa vizuri zisikauke. Kwenye friza weka karatasi kati ya moja na nyingine, la sivyo utazitoa zimekuwa jiwe moja. Na mtaani kwetu kuna mama anayepika chapati kona ya barabara kila jioni. Siku nyingine nashuka kwenye daladala, nanunua saba, nafika nazo za moto. Sioni haya kulisema hilo. Mama yule anapika chapati laini kuliko zangu, zina tabaka, na usiku ule nimenunua saa nzima ya maisha yangu.

Kwa kubeba kesho, chapati ndiyo ya kwanza kati ya zote nne. Iliyobaki naikata mara mbili, inalala kwenye friji, asubuhi inapashwa moto kikaangoni na kuingia kwenye kontena la shule. Mwalimu hajawahi kuniletea kontena lililorudi na chakula.

Anayelalamika ni mfuko. Mayai saba juu ya kima iliyokwisha kuwamo si kitu kidogo mwisho wa mwezi. Siku hizo natoa kima kabisa, nabaki na yai, kitunguu na kabichi, na bado ni chakula cha usiku.

Boflo: wote tunakula wakati mmoja

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na nitakawia kidogo.

Boflo ni mkate mrefu, ganda lake gumu, ndani laini, tuliokua nao Unguja tukiula asubuhi na chai na jioni na mishkaki. Dar inapatikana ukijua duka lako. Usichukue skonzi badala yake. Skonzi ina sukari, inaungua kabla kima haijapata moto, na utamu ule na uzile havipatani mdomoni, ingawa watoto hawatakataa.

Nachukua boflo tano. Nazipasua ubavuni kwa urefu bila kuzitenganisha, zifunguke kama kitabu. Kwa vidole natoa sehemu ya ule ulaini wa ndani, si wote, kiasi cha kufanya mfereji. Watu wengi wanaruka hatua hii, na ndiyo inayotofautisha mkate uliojaa kima na kima inayomwagika kwenye sahani. Ule ulaini nilioutoa siutupi. Naukausha, nausaga, unakuwa chenga za katlesi za Jumamosi.

Ndani ya mfereji napaka chatne ya ukwaju nyembamba au, kama haipo, mayonezi iliyochanganywa na pilipili na ndimu. Natia kima iliyokwisha kupashwa na vitunguu vyake. Ikiwepo chizi, naikwaruza juu kidogo tu. Nafunga kila boflo kwa foili. Kisha nachukua sufuria langu kubwa zito, lile la pilau, naliweka juu ya moto mdogo likiwa tupu hadi lipate joto, napanga boflo zote tano ndani, nafunika. Dakika sita nazigeuza. Dakika sita nyingine nazima moto, nafungua foili, naziacha dakika mbili bila kifuniko ganda lirudi kuwa kavu.

Si jambo jipya. Bibi zetu walikuwa wakipalia: makaa chini ya sufuria, makaa juu ya kifuniko, mkate unaiva pande zote bila oveni. Ukiwa na jiko la mkaa, fanya vile vile, makaa machache chini na kidogo juu, wala hutahitaji kugeuza. Oveni ya umeme nayo inaweza, lakini oveni ndogo ya wati 1,500 unaipasha robo saa kabla hujaweka mkate. Jumla yake inakula umeme zaidi ya mashine ya slesi na haikupi ganda bora kuliko la sufuria.

Katika dakika zile kumi na mbili mikono yangu iko huru. Nakata kachumbari, naikamua kwa chumvi na kumwaga maji yake ili isiloweshe mkate. Namsikiliza mtoto akisoma hesabu zake. Nabadilisha nguo. Halafu boflo tano zinatoka kwa pamoja, nazikata vipande viwili viwili, sinia moja katikati, wote tunakaa. Hakuna anayengoja, hakuna anayesimama jikoni. Mikate mingine mitatu haikupi hilo, maana yote inapikwa mmoja mmoja au miwili miwili.

Na upo uzuri mwingine ambao watu hawaujui: boflo ya jana inafaa. Mkate uliokakamaa haujakauka tu. Wanga wake umejipanga upya ndani na kuwa mgumu, na moto unaulainisha tena. Lowanisha kiganja kwa maji, pitisha juu ya ganda, funga foili, weka sufuriani. Utadhani umetoka kwa mwoka mikate sasa hivi. Ila uule papo hapo; ukipoa mara ya pili unarudi kuwa mgumu. Na mkate usiuweke kwenye friji ukidhani unautunza, baridi ile ndiyo inayoufanya ukakamae upesi zaidi. Uache kwenye mfuko mezani, au uugandishe kabisa kwenye friza.

Kwa bei boflo inaishinda mikate mingine yote mitatu, kwa sababu haidai yai, haidai samli, haidai mafuta ya kukaangia. Nusu ya kima ya Jumapili, boflo tano, kabichi robo.

Kasoro yake moja ni ganda. Mkwe wangu hana magego, na usiku wa kwanza nilipoipika aliisogeza sahani taratibu, akaniambia, "Mwanangu, mie nipe ile laini." Tangu siku hiyo boflo yake siifungui foili mapema. Naiacha ijifukize ndani hadi ganda lilainike, nakata kingo, naisogeza kwake na kikombe cha chai ya tangawizi. Wadogo wasio na meno ya nyuma nao wanapenda hivyo.

Kama hamli nyama siku hiyo, boflo inakubali karibu kila kitu kikavu. Maharage yaliyobaki, ukiyaponda na kuyakaanga na kitunguu hadi yashikane, yanakaa vizuri ndani yake. Samaki jodari aliyechemshwa, akachambuliwa na kuchanganywa na ndimu na pilipili, mimi nampenda kuliko kima, ingawa watoto wangu hawajakubaliana nami.

Mkate wa nyama: mtamu, na una saa zake

Ukitoka Forodhani usiku umeona sinia za kima, mayai, vitunguu, mayonezi na chizi zile za pembetatu, na kijana mmoja anayetandaza donge la unga hadi unaona meza chini yake. Anaweka vitu katikati, anavunja yai, anachanganya pale pale kwa kijiko, anakunja pembe nne, anapindua kwenye chuma chenye samli. Unahesabu dakika tano. Binamu zake wako Yemen na Saudi Arabia, ambako wanauita mutabbaq, neno la Kiarabu la kitu kilichokunjwa, nao watu wa Malaysia wana murtabak yao.

Kwa ladha sina la kubishana. Yai linaishika kima, samli inalifanya ganda liwe jembamba na kavu, ndani pako kama katlesi laini. Sandwichi nyingine zote zina mkate na kilichomo. Huu mkate na kilichomo vimekuwa kitu kimoja.

Lakini kijana yule naye, kama mpishi wa Wandegeya, ana saa zilizofichwa. Madonge yake yamelala ndani ya mafuta muda mrefu kabla hujafika. Unga usiopumzika hautandazi, unajirudi kama mpira na kupasuka. Nyumbani unahitaji unga wa ngano laini, ukande na maji, chumvi na mafuta kidogo, ugawe madonge, uyapake mafuta na kuyafunika kwa saa moja na zaidi. Kisha mmoja mmoja: kutandaza, kujaza, kukunja, kukaanga pande zote mbili kwa moto wa wastani ili yai la ndani liive kabla ganda halijaungua. Mikate sita ni dakika arobaini za kusimama, ukiacha saa ya unga. Nimejaribu njia ya mkato ya manda za sambusa. Ni nyembamba mno kwa uzito ule. Nilibandua vipande, sikubandua mkate. Chapati mbichi iliyosukumwa nyembamba sana inakaribia, ila inakuwa nzito.

Ukiwa na mtu nyumbani mchana anayeweza kukanda unga saa kumi na kuuacha, hesabu inabadilika, na hapo hata Jumatano unaweza. Kwetu hayupo. Mkate wa nyama tunaupika Ijumaa usiku, hakuna wa kuamka na shule kesho yake, na unga naukanda mwenyewe nikirudi, tunausubiri huku tunakunywa chai. Kima inatoka kwenye ule mfuko wa friza.

Mambo mawili ukiujaribu. Kima ichanganywe na yai, kitunguu na kijiko cha mayonezi ndani ya bakuli kwanza, si juu ya unga kama wanavyofanya Forodhani. Mikono yao ina miaka, yetu haina, na ukikoroga juu ya unga mwembamba utautoboa. La pili ni lile ambalo wengi hawalioni wakiwatazama wapishi wale kwa sababu linafanyika upesi: ukishatandaza, unaweka kipande kidogo cha unga, duara la kiasi cha kiganja, katikati ya ule mkubwa, na kima inakaa juu ya hicho. Ndicho kinachobeba uzito usipasuke unapoukunja. Kwangu kazi hiyo ni ya kitinda mimba. Anasimama juu ya kigoda, anakingoja kile kiduara, anakilaza taratibu katikati na kukigonga mara mbili kwa kidole kabla hajaniruhusu niweke kima.